JOGOO LA MJINI

Wazee wetu walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Siku hizi jogoo hana haja ya kutoka shamba. Ameanguliwa papa hapa Dar es Salaam, amelelewa nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala, naye huwika saa kumi ya usiku bila kumwogopa mtu. Mwenye jogoo haamki, kwani amekwisha mzoea. Aamkaye ni jirani, na kukicha maneno huanza.

Jambo hili si la kuchekwa. Banda la kuku au zizi la mbuzi limewafanya watu waliozikana na kuozeshana watoto waache kusalimiana. Nasi twaona imefika saa ya kulisema wazi, kwa kuwa pande zote mbili zina haki, na aliyepaswa kuzipatanisha, yaani halmashauri, mara nyingi huonekana siku ya kutoza faini tu.

Kwanza tumtendee haki mfugaji. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haufiki katikati ya mwezi, banda la uani ndilo lililonunua unga na madaftari ya watoto. Karani alifuga, muuguzi alifuga, na hata walimu wa Chuo Kikuu walifuga. Hiyo ndiyo kujitegemea tuliyoihubiri sisi wenyewe. Mama aliye na kuku thelathini leo hafanyi jambo jingine. Kumwamuru awaondoe bila kumwonyesha pa kuwapeleka ni sawa na kumwamuru aipue chungu ambacho watoto hawajala.

Lakini jirani naye ni mwananchi. Kuku 200 wa mayai hula zaidi ya kilo 20 za chakula kwa siku, na kinyesi kibichi watoacho hakipungui sana uzito huo. Kikilowa, hutoa harufu kali ichomayo macho na kifua, na nzi hutaga humo. Katika joto letu la pwani, yai la nzi huwa nzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Basi asafishaye banda mara moja kwa mwezi hafugi kuku peke yao. Afuga na nzi, na nzi hao hawali kwake tu. Hutua juu ya uji wa mtoto wa nyumba ya pili.

Watu husema dawa ni kuliweka banda mbali. Mbali wapi, katika kiwanja cha Manzese au Tandale ambako paa la huyu lagusa paa la yule? Na upepo wetu hauna upendeleo. Wakati wa kaskazi, aliye kusini mwa banda hufunga madirisha. Kusi ikianza, yule wa kaskazini aliyekuwa akimcheka ndiye afungaye yake. Umbali wafaa, lakini usafi wafaa zaidi. Maranda ya mbao au pumba za mpunga, zikiwa kavu na kubadilishwa kila zilowapo, pamoja na kuzoa kinyesi mara mbili kwa juma, hukata uzazi wa nzi kabla haujatimia. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu asiye mvivu.

Mbuzi ni habari nyingine. Husemwa kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, bali mbuzi wa mjini hana kamba, naye hula mchicha wa watu na nguo zilizoanikwa. Nguruwe aachwaye kuzurura ni hatari zaidi, licha ya kumkera jirani Mwislamu. Hula kinyesi cha watu. Alaye nyama yake isiyoiva hupata tegu. Na mayai ya tegu yakimwingia mtu tumboni, huweza kuzaa wadudu wafikao ubongoni na kuleta kifafa. Hapo hatuoni la kujadili: mnyama huyo akae bandani, la sivyo asifugwe.

Sheria nayo yasemaje? Wakati wa Waingereza mji huu uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kanuni za ujenzi na afya zikafuata mgawanyo huo. Baada ya Uhuru tuliukataa mgawanyo wa rangi. Sheria Na. 8 ya 1982 ikazipa mamlaka za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Kanuni za Kilimo Mijini za 1992 zikaweka kikomo cha ng'ombe wanne kwa mfugaji, walishwe zizini. Shabaha ilikuwa njema. Ila kikomo kimoja kwa kiwanja kipana cha Oysterbay na kwa kiwanja cha Tandale si usawa, ijapokuwa hesabu ni moja. Kikomo kitokane na ukubwa wa kiwanja, na kihusu kuku na mbuzi waziwazi, siyo ng'ombe peke yao.

Tena sheria ijulikane. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, hivyo hapana udhuru wa kumtoza mtu faini kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Na ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa. Wenyeviti wa mitaa, ambao wengi wao ni wanachama wenzetu, waache kungoja ugomvi ufike Baraza la Kata. Wawaite wafugaji na majirani pamoja na Bwana Afya na Bwana Mifugo. Mkutano huo una faida nyingine: chanjo ya mdondo hutakiwa kila miezi mitatu, na kichupa kimoja chatosha kuku mamia. Mwenye kuku kumi akinunua peke yake hupata hasara. Mtaa ukichanga, wote hukingwa, na mizoga haitupwi tena mtaroni.

Twaitaka halmashauri iandike upya sheria ndogo hizo kwa kufuata ukubwa wa viwanja, izisome mbele ya mikutano ya mitaa, na kumpa kila mfugaji muda wa kutosha kutengeneza banda lake. Kabla gari la kukamata mbuzi halijatoka tena, twangoja kuliona tangazo hilo ubaoni.