Barza Ipo Chini, Maiki Ipo Paani: Nani Anausimulia Mji Mkongwe?

Wadau wa mjini, ubuyu wa leo una chumvi. Imeingia fasheni mpya Mji Mkongwe, inaitwa jioni ya mazungumzo. Unapanda ngazi za hoteli mpaka paani, unalipia kinywaji ambacho bei yake ingekulisha urojo wiki nzima, unajibwaga kwenye mto, halafu mtu anashika maiki dakika kumi kueleza kitu anachokipenda. Wazo lenyewe ni tamu. Watu wa mtaa mmoja kuelezana wanachokijua, bila shahada, bila mgeni rasmi, bila risala, nani atapinga? Tatizo ni huo mtaa wenyewe. Ukiangaza macho pale juu, wa mtaani ni yule anayebeba trei.

Mchukulie kaka mmoja, jina tunamhifadhia ingawa wafuasi wake wanajijua. Kahamia mjini juzi tu, shati la kitani, kofia ya kiua kanunua Gizenga kwa bei ya mgeni. Mada yake ilikuwa milango ya Zanzibar, kwa Kiingereza bila shaka. Alipofika kwenye ile misumari ya shaba akasema iliwekwa kuzuia tembo wasivunje mlango. Tembo! Unguja hii! Hadithi ya tembo ni ya Bara Hindi, ikavuka bahari pamoja na nakshi. Hapa misumari ilikuwa pambo na njia ya mwenye nyumba kuonyesha kuwa anazo. Watu wakapiga makofi, simu zikawaka, stori zikapandishwa. Kijana wa trei, mtoto wa seremala wa milango, akateremka ngazi na glasi tupu. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Na yupo dada wa ukurasa wa vyakula ambaye kila akipewa maiki anarudi kwenye karafuu na Freddie Mercury. Huyo tumwache, ana laiki zake.

Kinachouma zaidi ni lugha. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Maana yake Kiswahili anachofundishwa mtoto wa Mwanza, wa Kisumu na wa Bujumbura kimetoka kwenye vichochoro hivi hivi. Leo kwenye vichochoro hivyo hivyo panawekwa jioni ya "wenyeji" na Kiswahili kinachosikika ni "karibuni" mwanzo na "asanteni" mwisho. Wanaoandaa wanajitetea: wageni hawataelewa. Sawa, basi waiite jioni ya wageni. Wapo wageni wengi tu wanaojifunza Kiswahili kwa jasho lao, na wao pia wanalipa kiingilio kuja kusikia lugha waliyoiacha kwao.

Sasa shuka chini. Lile benchi la jiwe lililoshikana na ukuta wa nyumba linaitwa barza, na mji ulijengwa nalo makusudi ili watu wakae waongee. Nenda Jaws Corner pale Sokomuhogo, njia zinapokutana, pahala palipopewa jina la filamu ya papa ya 1975. Alasiri ikipita kahawa inamiminwa vikombe vidogo, kete za bao zinagongwa, na mada zinaanza: pepo za kaskazi na kusi, bei ya pweza, nani alipiga fidla siku gani kwenye Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa 1905 na bado ipo. Hakuna slaidi. Ukikosea mwaka unakatizwa hapo hapo na mzee wa pili, na wa tatu anamkatiza wa pili. Hiyo ndiyo faida ambayo paani hawana. Kaka wa tembo angetoa hoja yake Jaws Corner asingemaliza sentensi.

Usidhani hii ni kelele ya kupenda mambo ya zamani. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafa. Jumba la Sultan Barghash, la 1883, la kwanza kuwa na umeme hapa Zanzibar. Mitandao ilijaa picha za machozi kwa siku tatu, kisha watu wakarudi kwenye mambo yao. Lakini jiulize nani kati ya waliolia anajua nyumba ya Mji Mkongwe inasimamaje. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa unapumua, unapokea unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji, maji na chumvi vinabaki ndani vinaula taratibu, nje unaona umenawiri. Kila fundi chokaa mzee anayajua haya. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na bado kuna mwenye nyumba anayepaka saruji kwa nia njema kabisa kwa sababu hajawahi kuambiwa. Jioni moja ya fundi chokaa, kwa Kiswahili, mbele ya wenye nyumba na wapangaji, ingeokoa kuta nyingi kuliko jioni ishirini za milango na tembo. Ila fundi hana wafuasi, na mikono yake haipendezi kwenye picha.

Watetezi wa paani wana hoja moja nzito, na si haki kuiruka. Wanasema barza ni ya wanaume. Ni kweli. Msichana wa miaka ishirini hawezi kujikalia Jaws Corner akaanza kueleza anachokijua kuhusu mwani au hesabu; kabla kahawa haijapoa habari ishafika kwa shangazi. Barza pia zilikuwa na vyama vyake. Miaka mingi Jaws Corner ilijulikana kuwa ya wapinzani na Kisonge kule Michenzani kuwa maskani ya chama tawala, na siasa ya mtu ukaijua kwa pale anapokaa. Paani angalau dada anashika maiki na hakuna anayeuliza kura yake.

Vizuri. Lakini tangu lini dawa ya hilo ikawa hoteli? Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu alivyofinyanga mamake, na 1928, mwaka ule ule wa mkutano wa Mombasa, alikuwa Bombay akirekodi santuri kwa Kiswahili. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa wasionacho, na usiku watu walikusanyika pale kuimba na kujadili yaliyotokea mjini mchana: kesi, hukumu, nani kaonewa. Wimbo wa Kijiti ulitoka kwenye kesi ya mauaji ya mwanamke mgeni kutoka bara, ambapo mtuhumiwa alikimbia na kifungo kikawaangukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Hiyo ilikuwa jioni ya mazungumzo kweli kweli, nyumbani kwa mwanamke, na waliokuwa wakiogopa ni wenye mahakama. Kwa hiyo wanawake wa mji huu hawajawahi kukosa la kusema wala pa kusemea. Wakosaji ni hawa wanaoandaa leo, ambao hawajavuka hata barabara kwenda Ng'ambo kuwatafuta.

Wengine watasema fedha: projekta, spika, ukumbi. Jamani, ua wa skuli jioni ni mtupu. Birika la kahawa na sahani ya kashata havimfilisi mtu. Spika ya nini kwa watu arubaini?

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO iliitangaza 2021, na kila mwaka kurasa za hoteli zinahangaika kutafuta cha kuposti. Haya, wazo hili bure: zimeni taa za paani usiku huo, lipieni kahawa ua wa skuli, mwiteni fundi chokaa, mkulima wa mwani wa Paje, mpishi wa shughuli na yule kijana wa trei na babake. Maiki ishikwe na mwanamke wa Ng'ambo. Kaka wa tembo anakaribishwa, kiti cha nyuma kipo, na akitaka kuuliza anyooshe mkono kama wengine.