Mchezo wa Besiboli na Kitabu cha Ubatizo



Mwalimu mmoja wa mtaa wa jirani ametuletea barua. Auliza kwa upole, lakini twaona wazi kwamba moyoni ana mashaka: je, yafaa mwalimu wa dini kushinda kiwanjani kila Jumamosi alasiri pamoja na watoto, na gongo mkononi, badala ya kuwazuru wagonjwa? Twamshukuru kwa kutuuliza mbele ya uso wetu. Wagonjwa twawazuru asubuhi. Na habari ya gongo tutaieleza mwezi huu, kwa kuwa imetuletea furaha nyingi, tena imetuletea shauri moja zito liwapasalo wazazi wote, hata wale ambao watoto wao hawachezi mchezo wowote.

Mchezo wenyewe waitwa besiboli. Kwao ni Marekani, lakini sisi wa Dar es Salaam tumeupata kwa mikono ya Wajapani, walioanza kuufundisha mnamo mwaka 2012. Na mwaka 2018 kiwanja chake kilikamilika katika Shule ya Sekondari Azania kwa msaada wa nchi yao. Buguruni hatuna kiwanja cha namna ile. Tuna mchanga wetu, si mbali na reli, na magongo mawili tuliyochongewa na seremala wa Keko. Fundi huyo hakuwa amepata kuona gongo la besiboli, akatumia mti wa mkongo, likatoka zito kama mchi wa kutwangia. Watoto waliliita Mchi siku ile ile, na jina halijabanduka. Glavu tumeziokota moja moja katika mitumba. Mbili zafaa watu wa mkono wa kushoto tu, nasi mtoto wa mkono wa kushoto tunaye mmoja.

Kwa wasioujua, mchezo ni huu. Mmoja hurusha mpira, mwingine hujaribu kuupiga kwa gongo, na akiupiga vema hukimbia kupitia vituo vitatu hata arudi pale alipoanzia, napo huitwa nyumbani. Wasichana wetu waliozoea rede waliujifunza upesi kuliko wavulana, maana mkono wa kulenga walikuwa nao tayari. Treni ikipita hakuna asikiaye neno la mwamuzi, lakini haidhuru, kwa kuwa mwamuzi husema kwa mikono. Kwa sababu hiyo viziwi huweza kuucheza bila upungufu. Mmarekani mmoja kiziwi, William Hoy, alicheza katika ligi kubwa za kwao tangu mwaka 1888 hata 1902. Buguruni tunayo shule ya watoto viziwi, nasi twatamani sana kuwaona wakija kucheza na watoto wetu.

Wajapani wana desturi ya kujipanga mstari kabla ya mchezo na baada yake, wakawainamia wenzao na kukiinamia kiwanja. Tulipoifuata, mama mmoja mzee wa kanisa letu alitujia amekunja uso. "Mwalimu," akasema, "babu zetu waliambiwa waache kuinamia miti, leo wajukuu waniinamie mchanga?" Tulimjibu, "Mama, hapo hapana ibada. Ni kama shikamoo. Mtoto amwambia mwenzake kwamba hatamdharau." Hakuridhika kwa maneno, akaja kuona kwa macho. Sasa yeye ndiye apigaye kelele kuwashinda wote, amekaa juu ya ndoo chini ya mwavuli, wala kanuni za mchezo hazijui hata moja.

Lakini kilichotuvuta sisi zaidi ya vyote ni daftari. Katika besiboli kila jambo huandikwa. Mpira ukirushwa, huandikwa, ukipigwa, huandikwa, na mtoto akiuangusha mpira aliopasa kuudaka, huandikwa kosa, tena kwa jina lake. Mwanzoni tulidhani watoto watavunjika moyo. Haikuwa hivyo. Mpigaji afanikiwaye mara tatu katika mara kumi huhesabiwa kuwa hodari hata miongoni mwa watu wazima walipwao mshahara kwa kazi hiyo. Maana yake mara saba amerudi kuketi mikono mitupu. Mtoto akiisha kuyaona hayo kwenye karatasi, haogopi tena kushindwa kama aogopavyo shuleni, ambako saba katika kumi akizikosa hupata fimbo. Tunao wavulana wawili ambao zamani walikuwa wakilia wakikosa. Siku hizi hukimbilia daftari kuona kama limeandikwa sawasawa.

Iko na kanuni nyingine, nayo tulipoielewa tuliifurahia mno. Mpigaji aweza kuugusa mpira polepole kwa makusudi, akijua kwamba yeye mwenyewe atatolewa, ili mwenzake aliye mbele apate kusogea kituo kimoja. Mwandishi akiona hivyo, huandika kwamba huyu amejitoa, wala jambo hilo halimpunguzii hesabu yake ya upigaji. Hatukuwahubiria watoto neno juu ya hilo. Siku ya kwanza msichana wa miaka 11 alipolifanya bila kuamriwa, wenzake walimshika mkono mmoja mmoja alipokuwa akirudi kuketi, nasi tukaona kwamba mahubiri yetu yangeharibu tu.

Sasa twaja kwenye shauri lenyewe. Tulialikwa kupeleka watoto wa miaka 12 na chini yake kushindana na timu nyingine. Mrushaji wetu bora ana miaka 14. Mpira wake wavuma, na wadogo wakisimama mbele yake magoti huwatetemeka. Siku ya Alhamisi jioni baba yake alikuja nyumbani kwetu, amechoka na kazi ya sokoni, na jogoo chini ya kwapa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina, ndugu yetu. Karibu."

Alikaa, akaeleza. Kijana alichelewa kuanza shule miaka miwili kwa sababu ya ugonjwa. Darasani aketi na watoto wa miaka 12. Kwa nini basi asicheze nao? Aliomba tumwandikie cheti cha ubatizo chenye mwaka mwingine wa kuzaliwa. "Miaka miwili hiyo ugonjwa ulimwibia," akasema. "Mimi baba yake namrudishia. Ni nani ataumia?"

Ndugu wasomaji, neno hilo si la kudharauliwa, nasi hatukulidharau. Tulikwenda kukileta kitabu, tukamfungulia ukurasa. Mtoto alibatizwa akiwa na wiki sita. Jina la mama limo, la msimamizi limo, na sahihi ya padre aliyekwisha kufariki. Tukamwonyesha kwa kidole: tukiusogeza mwaka wa kuzaliwa, mtoto atakuwa amebatizwa kabla hajazaliwa. Basi itatupasa kuusogeza na ubatizo. Na tukiusogeza ubatizo, itatupasa kumpata padre mwingine, maana yule wakati huo alikuwa amekwisha kuhamishwa. Kisha msimamizi naye itatupasa kumfundisha la kusema. Uongo mmoja ungetuomba chakula cha watoto wake wote. Tena cheti hiki ni moja ya karatasi zipokelewazo na RITA mtu asajilipo uzazi uliochelewa. Likitoka kwetu neno la uongo, litaingia katika vitabu vya serikali, na kijana atalibeba hata siku ya kuomba kazi na siku ya kustaafu.

Tena si kweli kwamba hakuna aumiaye. Mwaka 2001 huko Marekani kijana Danny Almonte aliwashangaza watu wote kwa kurusha mpira katika mashindano makubwa ya watoto yafanyikayo mji wa Williamsport. Ikaonekana baadaye kwamba ana miaka 14 wala si 12, na kwamba baba yake alipeleka karatasi za uongo. Ushindi wote wa timu ukafutwa, pamoja na wa wenzake wasiojua lolote. Hapa kwetu twakumbuka mwaka 2005: timu yetu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, ilikwisha kupata nafasi ya kwenda Gambia kwa mashindano ya Afrika, ikaondolewa kwa ajili ya umri, na Zimbabwe wakaenda badala yetu.

Na habari ya Uganda yasikitisha kuliko zote. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda huko Poland, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kupata haki ya kwenda Williamsport. Hawakwenda. Walinyimwa viza, kwa sababu habari za umri na kuzaliwa katika karatasi zao hazikupatana. Wengine wamesema kwamba walioonewa ni maskini, kwa kuwa vijijini mwetu wengi huzaliwa pasipo karatasi. Na sehemu ya neno hilo ni kweli. Lakini watoto walibaki nyumbani, wakubwa wakibishana. Januari 2012 watoto wa Langley kutoka Canada, ambao wangekutana nao kule, walisafiri mpaka Uganda ili mchezo ule usipotee, na Waganda wakawashinda 2 kwa 1. Mwaka huo huo timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, ilifika Williamsport, nayo ikaishinda timu ya Gresham ya jimbo la Oregon 3 kwa 2. Ndio waliokuwa wa kwanza kutoka Afrika kucheza huko.

Baba yule alitusikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akamchukua jogoo wake, akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu, lakini wewe huna mtoto kama huyu." Akaenda zake. Hatukuwa na jibu, wala leo hatunalo.

Kijana hakuonekana Jumamosi mbili. Ya tatu alikuja peke yake, akauliza kama aweza kuwarushia wadogo mpira katika mazoezi, ili wauzoee mwendo wa kasi. Tukampa na daftari pia. Siku ya mashindano tulishindwa 11 kwa 4, na kijana ndiye aliyeandika yote. Binamu yake mdogo aliuangusha mpira mwepesi, akamsihi asiandike kosa. Aliandika. Baba yake akikutana nasi njiani hutusalimu, lakini hasimami.

Mwalimu aliyetuandikia aje Jumamosi yoyote, saa tisa alasiri. Wazazi watakao kuleta watoto wa miaka 9 hata 12 waje na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa. Na wale ambao watoto wao walibatizwa wakubwa, na tarehe ikaandikwa kwa kukisia, watuone baada ya ibada ya Jumapili, tuitafute pamoja kwa wazee na kwa karatasi zilizopo. Tena gongo letu la pili limepasuka. Mwenye kumjua seremala mwenye mti mwepesi kuliko mkongo atuarifu, maana sasa tumebaki na Mchi peke yake, na watoto wa miaka 9 hawauinui.