Ujumbe Wako Unapitia Njia Gani?

Wanafunzi wa biashara katika vyuo vyetu hufika mahali wakafundishwa mawasiliano ya data na mitandao ya kompyuta, na wengi huguna. "Mimi nataka kuwa meneja," husema mmoja, "nyaya na ruta ni kazi ya fundi." Mzazi anayelipa karo naye hujiuliza ikiwa fedha zake haziendi bure. Leo tulifungue somo hilo pole pole, kwani halina uchawi wowote, na meneja asiyelielewa ndiye huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na ujumbe wenyewe. Kompyuta haijui herufi wala picha. Inajua vitu viwili tu, sifuri na moja, mfano wa taa iliyozimwa na taa iliyowashwa. Kila sifuri au moja huitwa biti. Biti nane zikiwekwa pamoja huitwa baiti, na baiti moja yatosha kubeba herufi moja ya maandishi yetu.

Shika sana jambo hilo, kwa sababu lina fedha ndani yake. Faili hupimwa kwa baiti, lakini kasi ya mtandao huuzwa kwa biti. Anayekuuzia laini ya megabiti 10 kwa sekunde hajakuahidi megabaiti 10. Faili ya megabaiti 10 itachukua sekunde nane kupita humo, hata laini ikiwa yako peke yako. Wapo wanaolalamika kwamba wameibiwa, kumbe hawakugawanya kwa nane.

Jambo la pili ni kwamba ujumbe hausafiri ukiwa mzima. Chukua mfano wa jamaa 50 wanaotoka Nairobi kwenda harusini Kakamega. Hakuna matatu moja itakayowabeba wote, basi wanagawanywa katika matatu nne. Kila mmoja anapewa kikaratasi chenye anwani ya nyumba ya arusi na nambari yake, kuanzia 1 hadi 50. Matatu mbili zinapitia Kisumu, nyingine mbili zinapitia Eldoret. Wakifika hupangwa upya kwa nambari zao, na mwenyeji akiona nambari 17 hayupo, hupiga simu kuuliza.

Hivyo ndivyo data inavyokwenda. Picha ya megabaiti tatu hukatwa vipande vipatavyo 2,000, na kila kipande, au pakiti, hubeba anwani ya inakotoka na inakokwenda. Njiani kuna mashine ziitwazo ruta, ambazo kazi yake ni kama ya askari wa trafiki kwenye njia panda: husoma anwani na kuielekeza pakiti njia inayofaa. Pakiti ikipotea, kompyuta iliyoituma ina nakala na huituma tena. Hapo ndipo data inawashinda jamaa zetu wa harusi, maana nambari 17 hana nakala!

Fikira hiyo ya kukata ujumbe vipande ilizuka miaka ya 1960, Paul Baran akiwa Marekani na Donald Davies akiwa Uingereza, kila mmoja akiwaza kivyake. Tarehe 29 Oktoba 1969, kompyuta ya chuo kikuu kimoja huko Los Angeles ilijaribu kutuma neno "login" kwa kompyuta nyingine kaskazini mwa jimbo la California. Herufi mbili za kwanza zilifika, kisha mtambo ukazimika. Hata intaneti ilianza kwa kujikwaa.

Tatu, kompyuta zinazozungumza lazima ziwe na adabu moja. Kwetu mtu hupiga hodi, mwenyeji hujibu karibu, naye mgeni husema ahsante na kuingia. Kompyuta nazo hufanya vivyo hivyo: moja huomba kuzungumza, ya pili hukubali, ya kwanza huthibitisha, ndipo data huanza kupita. Kanuni za namna hii huitwa itifaki. Itifaki za intaneti zilibuniwa na Vint Cerf na Bob Kahn katika miaka ya 1970, na ni kwa sababu yake kompyuta za makampuni tofauti kabisa huelewana.

Sasa tuje kwenye kasi, kwani hapa wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Kuna wingi wa mzigo unaoweza kupita kwa sekunde moja, na kuna muda ambao pakiti moja huchukua njiani. Lori hubeba mzigo mwingi kuliko pikipiki, lakini pikipiki itakufikishia barua mapema. Kabla ya 2009, intaneti yetu na ng'ambo ilitegemea sana setilaiti, ambazo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda huko na kushuka ulichukua karibu robo sekunde, na kusubiri jibu robo nyingine. Mwaka huo kebo za nyuzi za kioo zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, miongoni mwazo SEACOM na TEAMS. TEAMS inakwenda hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, umbali upatao kilomita 5,000, na mwanga ndani ya kioo huumaliza mwendo huo kwa takriban sehemu moja ya 40 ya sekunde.

Lakini swali kubwa kwa mfanyabiashara si kasi pekee. Swali ni hili: ujumbe wangu unapitia wapi?

Zamani, barua pepe ya mteja wa kampuni moja ya intaneti jijini Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine humu humu Nairobi ilipanda kwenye setilaiti, ikazuru ng'ambo, kisha ikarudi. Ilikuwa kama kutoka Ngara kwenda Pangani kwa kupitia London, na nauli ikilipwa kwa fedha za kigeni. Kampuni hizo zikaungana na kufungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Kampuni ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano hayo, ikalalamika, na tume ya serikali ya mawasiliano ikakifunga kituo. Kilifunguliwa tena 2002, na tangu hapo data ya jirani kwa jirani ikaweza kubaki nyumbani. Mkato huo haukuhitaji kebo ya baharini. Ulihitaji mapatano tu, na mapatano ni kazi ya wasomi wa biashara.

Njia pia hukatika. Februari 2012, kebo zinazopita Bahari ya Shamu zilikatika. Siku chache baadaye, huku data nyingi ikiwa imehamishiwa TEAMS, meli iliangusha nanga karibu na Mombasa ikaikata kebo hiyo nayo. Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watu wa Kenya, Tanzania na nchi jirani wakaona intaneti ikijikokota au ikipotea kabisa. Kebo mbili zilikuwapo, lakini zilipita bahari ile ile na ajali zikazikuta pamoja. Ukiwa na milango miwili inayofunguka kwenye uchochoro mmoja, uchochoro ukizibwa huna pa kutokea.

Basi, mwanafunzi, jaribu hesabu hii ndogo. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi lina matawi Nakuru na Mombasa, na kila tawi hutuma stakabadhi 500 kwa siku makao makuu Nairobi, kila stakabadhi ikiwa baiti 2,000. Jumla kwa tawi ni megabaiti moja, yaani megabiti nane. Laini ya megabiti mbili kwa sekunde itazimaliza kwa sekunde nne. Akija muuzaji kukushawishi ununue laini ya megabiti 100 kwa ajili ya stakabadhi hizo, mwulize za nini. Ukiongeza kamera za ulinzi zinazotuma picha usiku kucha, hapo hesabu inabadilika, nawe utapiga upya.

Fedha unazookoa hapo zitumie kununulia usalama wa njia. Ukitaka laini mbili, usitosheke na majina mawili ya kampuni kwenye ankara. Uliza kama nyaya zao zinapita mtaro mmoja kando ya barabara, kwa maana sururu ya mchimbaji haibagui. Uliza kama zote mbili hukodi kebo moja ya baharini. Uliza itakapokatika, ni nani atakayepigiwa simu na kwa muda gani itakuwa imerekebishwa, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

La mwisho, mwulize fundi wako: laini ikikatika, je, mashine ya kuuzia itaweza kuandika mauzo, iyahifadhi hapo dukani, kisha iyatume njia ikifunguka? Duka lenye mpango huo litauza mchana kutwa. Lisilo nao litafunga, na mteja mwenye haraka ya saruji atavuka barabara aende kwa jirani, labda asirudi tena.

Mzazi, karo yako haiendi bure. Nawe mwanafunzi, ukifika darasani Jumatatu, fungua daftari uchore njia ya stakabadhi moja kutoka tawini hadi makao makuu, uweke alama ya msalaba kila mahali ambapo inaweza kukatika. Ukiweza kueleza la kufanya kwenye kila msalaba, umelifahamu somo.