Bibi Harusi, Usikubali "Ni Aleji Tu"

Mdogo wetu wa Tunduma anaolewa karibuni. Miaka sita anajikuna mikono na shingo, na kila akienda kutibiwa anaambiwa "ni aleji tu", anapewa krimu, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia afunue mkono atazamwe.

Sisi tunasema hiyo si tiba. Pumu ya ngozi huja na kuondoka kwa miaka, na krimu za steroidi zikipakwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba. Daktari anayejali hutazama, kisha huuliza: ilianza lini, unaogea sabuni gani, umewahi kupakwa piko? Asipouliza, omba rufaa. Kwa watu wa Songwe, rufaa ya kanda ni Mbeya. Wataalamu wa ngozi wapo. KCMC Moshi inawafundisha tangu miaka ya 1990.

Ukiona haya, omba daktari wa kike. Kujisitiri ni ibada. Kuficha ugonjwa siyo. Mtume (SAW) ametuhimiza tujitibu.

Anza mapema, usingoje wiki ya hina. Na piko, mpenzi, liache kabisa. Allah akupe shifaa na ndoa yenye kheri. Amin.