Tumemsingizia sisimizi

Katika mahubiri na katika hotuba za Mei Mosi sisimizi amepewa kazi moja tu: kutuaibisha. Kitabu cha Mithali, sura ya 6, kinampeleka mvivu kwa chungu akajifunze, na tangu hapo kila mwenye mamlaka anayetaka watu wachape kazi zaidi humwita mdudu huyu awe shahidi wake. (Wanaoikumbuka Surat An-Naml watasema, kwa haki kabisa, kwamba sisimizi mashuhuri wa kwenye Kurani habebi hata punje, anawatahadharisha wenzake waingie majumbani mwao, jeshi la Nabii Suleiman lisije likawaponda.) Bahati mbaya kwa wahubiri wa kazi, shahidi wao amekwisha kuchunguzwa kwa karibu, na maelezo yake hayawasaidii. Jamii ya sisimizi haisimami kwa sababu kila mmoja anahangaika kutwa kucha. Husimama, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa sehemu kubwa yao haina shughuli kwa sasa. Nchi ambayo imezoea kumhesabu kila mtumishi aliyekaa kuwa ni hasara ingefaa isikie maelezo hayo hadi mwisho.

Katika Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, watafiti Daniel Charbonneau na Anna Dornhaus waliwafuatilia Temnothorax rugatulus, sisimizi wadogo wanaoishi katika nyufa za mawe. Walimtia kila mmoja nukta za rangi ili atambulike, kisha wakawarekodi kwa video. Takriban asilimia 40 hawakuonekana wakifanya jambo lolote: hawakulea, hawakujenga, hawakutoka kutafuta chakula. Wala haikuwa zamu ya mapumziko, maana waliokaa mchana ndio waliokaa usiku. Hapo mtu mwenye haraka angefunga daftari na kuandika “wazembe”. Watafiti hawa walifanya jambo la busara zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wakitumia makundi 20, waliwaondoa wachapakazi wakubwa, asilimia 20 ya kundi. Ndani ya wiki moja hivi kazi ilikuwa imerudi kiwango chake cha awali, na walioiinua walitoka hasa miongoni mwa wale waliokuwa wamekaa. Kisha wakageuza jaribio: wakaondoa asilimia 20 ya waliokaa zaidi. Safari hii hakuna aliyeziba pengo. Wachapakazi waliendelea na shughuli zao, na akiba ya kundi ikabaki pungufu. Kwa maneno mengine, akiba huzalisha wafanyakazi, lakini wafanyakazi hawarudi kuwa akiba.

Hata pale ambapo kazi ipo na mikono ipo, sisimizi hawaruki wote kwa pamoja. Huko Atlanta, katika taasisi ya Georgia Tech, kundi la mwanafizikia Daniel Goldman lilichapisha mwaka 2018 utafiti juu ya sisimizi wakali wenye asili ya Amerika Kusini, ambao huchimba mahandaki membamba kiasi kwamba wawili hupishana kwa shida. Asilimia 30 ya sisimizi ndio waliofanya asilimia 70 ya uchimbaji. Aliyekuta msongamano aligeuka akarudi mikono mitupu, na kurudi kwake ndiko kulikofungua njia. Watafiti walipoiga mpango huo kwa roboti, roboti zilizotumwa zote kuchimba bila kujizuia zilikwamishana. Na katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani, Deborah Gordon wa Chuo Kikuu cha Stanford amewafuatilia kwa miongo kadhaa sisimizi wavunaji wa mbegu, ambao hupoteza maji kila wanapotoka kwenye jua kutafuta chakula. Malkia wao anataga mayai tu, hana anayemtuma. Anayesubiri mlangoni hutoka kulingana na wingi wa wanaorudi na mbegu na kumgusa kwa vipapasio. Mwaka 2013 Gordon alionyesha kwamba makundi yanayopunguza safari siku za joto kavu ndiyo yaliyopata makundi-watoto mengi zaidi. Kwa kipimo chochote cha “tija” tunachokipenda maofisini, makundi hayo yangeandikiwa barua ya onyo.

Nitaambiwa kwamba binadamu si sisimizi, na ni kweli. Kibarua wa sisimizi hana mshahara wala mkataba, na katika makundi mengi wale anaowalea ni ndugu zake wa damu. Siombi tuwaige, naomba tu tusiwatumie kuthibitisha jambo ambalo hawalithibitishi. Pingamizi zito zaidi ni hili: hoja ya namna hii itawapa kivuli wategaji. Sisi tunaijua historia ya watumishi hewa. Msako wa mwaka 2016 nchini Tanzania uliwakuta kwa maelfu kwenye orodha za mishahara. Lakini jaribio la Arizona lenyewe ndilo linalotupa kipimo cha kutofautisha akiba na wizi: ondoa anayefanya kazi, uone nani anasimama. Wa akiba atasimama. Mtumishi hewa hatasimama, kwa sababu hayupo. Tatizo letu ni kwamba tunatafuta wote wawili kwa kalamu moja, na mara nyingi anayekatwa ni yule aliyekuwepo.

Mwingine atasema akiba ni anasa ya matajiri. Kundi la sisimizi wa kwenye ufa wa jiwe, wasiozidi mia chache, si tajiri. Zaidi ya hapo, gharama ya kukosa akiba hailipwi siku inapopunguzwa. Eisuke Hasegawa wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, alilionyesha hilo mwaka 2016 kwa kuunganisha uchunguzi wa sisimizi na hesabu za kompyuta. Kundi ambalo wote wako tayari kufanya kazi kwa kiwango kimoja hutoa matunda mengi kwa muda mfupi, kisha wote huchoka pamoja. Kundi lenye wanaochelewa kuanza hudumu zaidi, kwa kuwa wachapakazi wakichoka, wale huanza. Na kuna kazi zisizongoja hata kidogo: mayai yasipolambwa kusafishwa huota ukungu, na kizazi kinapotea.

Wodi ya wazazi usiku ni kazi ya namna hiyo. Gari la zimamoto nalo hivyo hivyo, pamoja na askari wake wanaocheza drafti saa nane mchana na kuwaudhi wapita njia. Bajeti inapopita kwa kujisifu kwamba “hakuna aliyekaa”, mbunge mmoja angeinuka aulize: muuguzi wa zamu akiugua leo usiku, anaitwa nani, na yuko wapi sasa hivi? Jibu likiwa ni jina la muuguzi yuleyule aliyetoka zamu asubuhi, basi ikama ya hospitali hiyo haijakamilika, hata kama kila nafasi iliyoandikwa imejazwa.