MIKALI BADO YUKO DIRISHANI



Juzi niliandika hapa kwamba nilipokuwa New York mwenyeji wangu alinipeleka kutazama kundi la densi la Alvin Ailey. Lo! Jumbe zilimiminika. Eti mchungaji amerudi nyuma. Eti madhabahu imechafuka. Leo nawajibu.

Kwanza, ujue unachokilaani. Ailey alizaliwa 1931 huko Rogers, Texas, akalelewa na mama yake katika umaskini, ubaguzi na kanisa la Wabaptisti. Alianzisha kundi lake 1958. Mwaka 1960, akiwa na miaka 29, alitunga densi iitwayo Revelations kutokana na kumbukumbu za kanisa hilo. Ina sehemu tatu: kilio cha watu walioonewa, ubatizo mtoni, kisha ibada ya Jumapili. Inachezwa kwa nyimbo za kiroho zilizotoka vinywani mwa watumwa.

Niliketi nimekunja mikono. Kisha vitambaa virefu vikatandazwa jukwaani, vikayumba kama maji, na watu wa mavazi meupe wakaingia. Nikakumbuka siku niliyobatizwa, maji baridi hadi kifuani, mama akiimba ukingoni. Mikono ikakunjuka yenyewe. Mwishoni walikuja wanawake wenye magauni ya manjano na kofia, wakijipepea kama mama zetu wa kanisa siku ya jua kali. Nilisimama na kupiga makofi pamoja na ukumbi mzima.

Sasa tufungue Neno. Daudi alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote. Mikali akachungulia dirishani, akamdharau moyoni (2 Samweli 6:14-23). Nani alikemewa siku ile? Aliyecheza, au aliyechungulia?

Sisemi kila densi ni takatifu. Binti wa Herodia alicheza, kichwa cha Yohana kikaletwa kwenye sinia (Marko 6:21-28). Israeli walicheza mbele ya ndama (Kutoka 32:19). Lakini Miriamu naye alicheza, matari mkononi (Kutoka 15:20), na Zaburi 149:3 yaagiza tulisifu jina la Bwana kwa kucheza. Basi usiulize tu kama mwili umetikisika. Uliza umetikisika mbele ya nani.

Tena jukwaa si madhabahu, na tiketi haimwokoi mtu. Hilo nalijua. Lakini wewe unayenihukumu, jana usiku ulitazama nini kwenye simu yako, peke yako, mlango ukiwa umefungwa?

Acha nikuambie kilichoninyima usingizi usiku ule. Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja wa kanisa letu aliniomba nafasi ya kumsifu Mungu kwa densi. Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba mwili wake utawakosesha ndugu. Aliinamisha kichwa, akatoka. Hakurudi tena. Mikali alikuwa mimi, nimevaa suti, Biblia mkononi.

Nimempigia simu. Nimeomba msamaha. Alilia, nami nikalia. Bado hajarudi, naendelea kumwombea.

Mzazi, mzee wa kanisa, mchungaji mwenzangu: ni kijana gani uliyemfukuza kwa jicho lako tu? Mtafute wiki hii. Toka dirishani!

OMBI: Baba, nisamehe nilipoidharau sifa uliyoipokea wewe. Warudishe niliowaumiza. Katika jina la Yesu, AMINA.

Ubarikiwe. Msambazie mwenzako.