MATUSI HAYAVUTI GARI

Ndugu wafanya kazi,

Kila mwisho wa mwezi wakubwa hutuambia neno moja: kazi imeshuka, watu ni wavivu. Sisi twawauliza: kazi hiyo inafanywa mahali pa namna gani?

Tazameni karakana yetu. Paa la mabati, joto la mchana, moshi wa injini, taa hafifu. Fundi yuko chini ya behewa akitafuta nati kwa vidole. Msimamizi akipita hamwiti kwa jina lake, humtukana mbele ya vijana anaowafundisha kazi. Je, mtu huyo atafanya kazi kwa moyo? Atafanya ya kuonekana tu, mpaka king'ora kilie.

Lakini hasara kubwa kupita zote ni hofu. Beringi ya gurudumu ikikosa grisi hupata moto. Ikiachwa hivyo, ekseli yaweza kukatika na behewa kutoka relini. Anayeiona kwanza ni mtu wa chini. Naye akijua ya kuwa mwenye kuleta habari ya ubovu ndiye atakayepewa barua ya onyo kwa kuchelewesha gari, atafunga mdomo. Gari litaondoka. Ubovu nao utaonekana njiani, na hapo watu wataulizana mbona hakuna aliyesema!

Wengine hudai, "Bila ukali watu hawafanyi kazi." Si kweli. Ukali huleta haraka, na reli yataka uangalifu.

Wala hatuombi sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kufanya kazi katika hali inayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yatuamuru kuripoti hatari kubwa, na yakataza kumfukuza au kumwonea mtu aliyelalamika juu ya usalama. Tena, penye watu 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo.

Basi, ndugu, kila ubovu tuuandike pamoja na tarehe, na nakala ipelekwe kwa mwakilishi wa Chama. Kamati ikiwa haipo, tuidai. Akiadhibiwa mmoja kwa kusema kweli, twende ofisini sote.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi wa Karakana